Jina la Shamba

Ormset, 9 Februari 1969

Kwa Bwana Ormset, Mshairi,
Minnesota, Amerika

Bwana,

Hunijui, nami sikujui, wala sina mazoea ya kuwaandikia wanaume nisiowajua. Basi soma upesi kabla sijajuta.

Jumatano nilikwenda dukani, na gazeti walilonifungia samaki lilikuwa na habari kwamba mshairi mmoja wa Amerika, jina lake Ormset, amepewa tuzo. Picha yako ilikuwa imelowa mafuta lakini pua niliiona. Bwana, hiyo pua ni ya kwetu. Nililianika gazeti juu ya jiko na nyumba nzima ikanuka.

Mimi ni Gunvor Ormset. Nina miaka sabini, sikuolewa, naishi shambani Ormset na kondoo kumi na wanne. Mama yangu alikuwa na kaka mmoja tu, Anders, ndiye aliyekuwa arithi shamba hili. Mwaka 1884, theluji ilipoanza kuyeyuka, aligombana na babu akapanda meli kwenda Amerika, na hakuandika hata mstari mmoja. Mama alimngoja mpaka siku anakufa. Posta ikifika, aliuliza kwanza, "Ya Anders?" halafu ndiyo anafuta mikono. Nilimwahidi kitandani kwake kwamba nitamtafuta. Ni miaka ishirini sasa, na sijafanya lolote, nakuambia ukweli.

Je, wewe ni wa Anders? Kama ndiwe, nijibu. Kama siwe, nijibu pia, nisikae nikichungulia njia kama mama.

Wako kwa heshima,
Gunvor Ormset


Nordby, Minnesota, 6 Machi 1969

Mpendwa Bi Gunvor Ormset,

Barua yako imefika kwa mtu asiye mshairi. Posta ya hapa inaendeshwa na Verna Tollefson, na Verna anamjua Ormset mmoja tu, yaani mimi. Basi akaja nayo mpaka kanisani, akanikabidhi wakati wa kahawa ya baada ya ibada, mbele ya kila mtu: "Leonard, kumbe unatunga mashairi na unatuficha!" Wiki nzima sina raha. Duka la vifaa wamenitaka niwatungie shairi la misumari.

Huyo mshairi yupo, ila anakaa mjini, mbali huko magharibi. Nilimwandikia mwaka juzi mke wangu alipofariki, kumwuliza kama sisi ni ndugu. Alinijibu kwa kadi iliyopigwa chapa, ya kuwashukuru wasomaji. Mimi hata sijasoma kitabu chake.

Nimefanya kazi kwenye ghala la nafaka la hapa miaka thelathini na minane, na sasa nimestaafu. Mimi na Ardis hatukujaliwa watoto. Kaka zangu na dada zangu, sita kwa jumla, wote wako nyuma ya kanisa, chini ya mawe. Tangu Ardis aondoke, wanaoniita kwa jina langu la kwanza ni watatu tu: Verna, mchungaji na daktari wa meno. Mengine yote nazungumza na redio.

Sasa swali lako. Baba yangu aliitwa Anders Ormset. Alitoka Ormset mwaka 1884, theluji ilipoanza kuyeyuka. Hakupenda kuongea habari za huko.

Nilipolisoma swali lako niliketi kwenye ngazi za kanisa bila kofia, mpaka mchungaji akatoka kuniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nimepata binamu.

Uniwie radhi kwa lugha yangu. Naandika kwa lugha ya mama, na mara ya mwisho kuisema ilikuwa kwenye mazishi yake.

Binamu yako, ukinikubali,
Leonard Ormset


Ormset, 30 Machi 1969

Binamu!

Nikukubali? Wewe mtu una vichekesho. Niliisoma barua yako nimesimama pale pale kwenye sanduku la posta barabarani, mvua ya theluji inanipiga, halafu nikaenda moja kwa moja makaburini. Nilimwambia mama kwa sauti, "Nimempata wa Anders." Tormod, jirani yangu, alikuwa anapita na farasi wake. Sasa kijiji kizima kinajua Gunvor anaongea na wafu. Na waseme.

Mwache mshairi na kadi zake. Wewe unatosha.

Niambie kila kitu. Mjomba Anders alikuwa mrefu? Alikuwa na hasira za karibu? Babu alikuwa nazo. Alioa nani, mtu wa huko au wa kwetu? Kahawa unainywaje? Lugha yako nimeielewa yote, ila unaandika kama bibi yangu, na yeye alizaliwa 1835.

Binamu yako,
Gunvor


Nordby, 28 Aprili 1969

Dada Gunvor,

Nakuita dada kwa kuwa umenizidi miaka minne. Ukichukia, sema.

Baba alikuwa mfupi, mpole. Hasira sikuziona. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu. Vingine alivipoteza akipasua kuni kabla hajaja huku. Mama aliitwa Brita, walioana huko kwenu kabla ya safari. Kahawa nainywa nyeusi, kipande cha sukari nikikiweka mdomoni kama baba. Ardis alisema ni tabia ya kishamba.

Nami nakuuliza: ukisimama dirishani jikoni, unaona nini? Hapa kwangu dirisha halinionyeshi kitu. Ni shamba la ngano la mtu, kisha shamba la ngano la mtu mwingine, halafu mbingu. Nimeitazama miaka sitini na sita na bado sijaizoea.

Kumbe mtu anaweza kungoja barua akashindwa kula. Sikujua hilo.

Leonard


Ormset, 15 Juni 1969

Mpendwa Leonard,

Nimechelewa, na kosa ni la kondoo. Wawili wamezaa vibaya.

Nilikwenda kwa mchungaji kutazama kitabu kikubwa cha ubatizo na ndoa, nikuandikie ukoo wako wote mpaka juu. Bahati mbaya kitabu kimeingia maji na miaka ya themanini haisomeki. Basi tuachane na habari za vitabu.

Dirishani naona mteremko, mti wa tofaa uliopinda, ukuta wa mawe, halafu maji ya ghuba chini kabisa, na ng'ambo mlima unaoninyima jua kuanzia Novemba mpaka mwisho wa Januari. Jua likirudi nakaanga mkate mtamu nakula peke yangu, ndiyo sherehe yetu huku.

Brita ni jina zuri.

Gunvor


Nordby, 20 Agosti 1969

Dada yangu Gunvor,

Usisikitikie kitabu. Sisi tunazo barua.

Jana kulikuwa na chakula cha kanisa. Nilikaa mezani na wazee wenzangu, nao wakaanza mambo yao: wajukuu, binti kahamia wapi, kijana kapata shahada gani. Miaka yote wakifika hapo mimi huinuka kwenda kuongeza kahawa. Safari hii sikuinuka. Nikasema, "Binamu yangu kule nyumbani kondoo wake wamezaa vibaya." Wakanisikiliza wote. Dada, sijui kama unaelewa jambo hilo lilivyonifanya. Nilikula samaki wa kulowekwa magadi sahani mbili, na simpendi.

Nikuulize kitu. Nikija, pana mahali pa kulala?

Leonard


Ormset, 5 Oktoba 1969

Leonard,

Vyumba viko saba na mimi nalala kimoja. Ila safari ni ndefu, na wewe huna ujana tena. Usiwe na haraka.

Nyasi zimeingia ghalani zote, Tormod kanisaidia huku akinihubiria niuze shamba kwa watu wa mjini wajenge vibanda vyao vya likizo. Nilimwambia aende akauze la kwake.

Nitakuambia jambo moja, na ulisome bila kucheka. Posta huja Jumanne na Ijumaa. Siku hizi Jumatatu nachana nywele.

Gunvor


Nordby, 11 Januari 1970

Dada yangu,

Nimeuza nyumba! Vijana wawili waliooana karibuni wameichukua, na jiko, na redio. Vyombo vya Ardis nimempa Verna. Tiketi ya ndege ninayo mfukoni mwa koti la Jumapili, tarehe 12 Mei, na mchungaji amenitangaza kanisani kwamba Leonard Ormset anarudi nyumbani kwa baba zake. Watu walinipigia makofi. Kanisani, hebu fikiria.

Siji kutembea tu. Ukiniruhusu nitakaa. Nyasi naweza kukata, mkono wangu bado imara. Nataka kufia mahali ambapo mtu akinitaja atasema, "Huyu ni wetu." Sitaki kingine.

Ndugu yako,
Leonard


Ormset, 2 Februari 1970

Leonard,

Keti kwanza.

Kitabu hakikuingia maji. Ni kikavu na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Nimekijua tangu Juni na nimekudanganya mara mbili.

Walikuwako Anders wawili. Mmoja alikuwa mjomba wangu, aliyeondoka hapa kijana asiye na mke. Mwingine aliishi kule chini penye mawe, katika kibanda kilichokuwa upande wa pili wa mti wa tofaa. Watu wa kibandani walipewa kipande cha ardhi cha kulima viazi, na kwa hicho walimfanyia babu kazi siku tatu kila wiki. Kitabu kinasema: Anders, wa kibandani Ormset, mkewe Brita, wameondoka kwenda Amerika Aprili 1884. Waliondoka mwezi mmoja na mjomba, labda meli moja. Vidole vyake alivipotezea kwenye kuni za babu yangu.

Wewe ni wa huyo. Mimi na wewe si damu moja, hata tone.

Mshairi naye nimemwandikia. Alijibu kwa kadi ile ile. Kwa tarehe zilizoko gazetini yeye ndiye mjukuu wa mjomba, na hana haja na sisi.

Ungeniuliza kwa nini nilinyamaza. Kwa sababu ya Jumanne na Ijumaa. Basi. Lakini usingemaliza siku mbili hapa kabla Tormod hajakwambia kanisani, "Aa, wewe ni wa kibandani," na sikutaka ulisikie kwake, nyumba umeshauza.

Nisamehe. Sijui niandike nini tena.

Gunvor Ormset


Nordby, 27 Februari 1970

Bi Ormset,

Nimepokea barua yako. Tiketi nimeirudisha. Nimepanga chumba juu ya duka la vifaa, kina dirisha.

Asante kwa taabu ulizopata.

L. Ormset


Ormset, 17 Machi 1970

Leonard,

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko ilivyo na maneno. "Taabu ulizopata"! Ungenitukana ningelala vizuri zaidi.

Sasa nisikilize, maana nimekasirika, na nimejikasirikia mimi kwanza. Nilipokuandikia habari za damu niliandika kama babu. Nikamsahau baba.

Baba yangu hakuwa Ormset. Alizaliwa ng'ambo ya ghuba, shamba linaitwa Lunde, na aliitwa Sjur Lunde mpaka ana miaka ishirini na tisa. Alimwoa mama, akavuka maji na sanduku lake na ng'ombe mmoja mwenye kikohozi, na kabla kahawa ya harusi haijapoa watu walikuwa wanamwita Sjur Ormset. Hakuna aliyemwuliza damu. Hapa kwetu mtu huitwa kwa shamba analokaa. Akihama analiacha jina pale pale penye mawe na anayekuja analichukua. Ninyi huko Amerika mmelibeba kwenye sanduku mkadhani ni damu. Ndiyo maana ukanitafutia undugu, nami, bibi mzima wa hapa, nikakufuata katika kosa la Kiamerika!

Jina langu nimelipata kwa baba, na baba alilipata kwa kukaa hapa. Baba yako alilipata kwa njia hiyo hiyo, akalitolea jasho zaidi. Alikaa kibandani miaka kumi na minne, nimehesabu kitabuni. Baba yangu wakati anakufa alikuwa amekaa kumi na mmoja.

Njoo. Sisemi kwa huruma, huruma ningeipeleka kanisani. Nasema kwa sababu tangu Februari sijachana nywele.

Gunvor


Nordby, 8 Aprili 1970

Dada Gunvor,

Hukudanganya peke yako. Nami nilijua.

Nilikuwa na miaka tisa. Mwalimu alituambia kila mtoto aje aeleze wazee wake walikuwa na nini huko kwao zamani, nami nikarudi nyumbani nikamwuliza baba shamba letu lilikuwa kubwa kiasi gani. Akacheka. Akanionyesha mezani kwa ule mkono wake: kutoka bakuli mpaka chumvi. "Kubwa hivi," akasema, "na halikuwa letu." Kesho yake shuleni nilisema tulikuwa na farasi wanane.

Ulipouliza kama mimi ni wa Anders, nilijibu kwamba baba yangu aliitwa Anders. Ni kweli tupu, na ni uongo, na niliupanga siku nne nzima. Uliponiandikia "Binamu!" nilijua imekwisha, siwezi kukwambia tena kamwe. Kwa hiyo barua yako ya Februari haikunipa habari mpya. Iliniambia tu kwamba mchezo umekwisha. Niliona aibu nikajifanya mtu mkubwa. Ndiyo sababu ya zile taabu ulizopata.

Chumba hiki si kibaya. Asubuhi nasikia watu wakinunua misumari. Juzi nilikaa siku nne bila kusema neno kwa mtu, na siku ya tano nilipomwambia Verna habari za asubuhi sauti yangu ilitoka kama ya mtu mwingine. Verna alishtuka. Mimi nilishtuka zaidi.

Nimekata tiketi nyingine. Nitafika kwa kivuko siku ya Ijumaa, 22 Mei.

Lakini nina sharti moja, na ukiona ni la kiburi, niandikie nisije. Baba aliingiza kuni katika nyumba yenu miaka kumi na minne, akiingilia jikoni. Krismasi waliitwa kula, wakala wamesimama jikoni, kisha wakatoka walikoingilia. Chumba cha mbele hakukiona hata siku moja. Alinieleza jiko lenu lote, ndoano za sufuria, rafu, ufa ulioko kwenye jiwe la mlangoni. Nikamwuliza, na huko mbele kukoje? Akasema hajui.

Nataka kuingia kwa mlango wa mbele. Mara moja tu. Baada ya hapo nitapita jikoni kama watu wote.

Leonard


Ormset, 28 Aprili 1970

Leonard,

Una kiburi, naam, na ulikuwa umekificha vizuri. Nimefurahi unacho.

Ila ulivyoomba hukujua unaomba nini. Mlango wa mbele kwetu haufunguliwi kwa wageni, hata askofu alipita jikoni. Unafunguliwa bibi harusi akiingia na jeneza likitoka. Mara ya mwisho ulifunguliwa mwaka 1949, tukimtoa mama. Bibi harusi hakuna aliyeingia wala kutoka baada ya hapo, na sababu yake ni mimi, tusiiongelee.

Leo asubuhi nilitia mafuta bawaba nikausukuma. Haukutikisika. Nikachukua nyundo ya mawe. Ulipoachia ulitoa kelele ya kuwatoa watu vitandani, na nikauacha wazi ukauke.

Haikupita nusu saa nikamwona Tormod anapanda njia, kofia mkononi, amevaa koti jeusi, mkewe nyuma yake na keki ya msiba bado ya moto. Kutoka kwao waliona mlango uko wazi wakajua nimekufa. Nilipotokea mlangoni na nyundo yangu, mkewe alipiga ukelele.

"Nani kafa?" Tormod akauliza.

Nikamwambia, "Hajafa mtu. Binamu yangu anakuja."

Akanitazama kwa ile huruma yake. "Gunvor," akasema, "huna binamu."

Nikamwambia ninaye, na jina lake ni Ormset, na siku ya Ijumaa tarehe ishirini na mbili atapita hapa nilipokanyaga, na yeyote atakayeniletea habari za kibanda atakula nyundo. Mkewe akaniwekea keki mikononi. Tormod akavaa kofia yake, halafu akaivua tena, hakujua kama huu ni msiba au harusi.

Nyumba nzima imejaa baridi. Nimevaa koti ndani nikikuandikia, na mlango sijaufunga.

Gunvor